Tenisi haina FIFA yake

Mhariri,

Mwandishi wenu wa michezo amelibebesha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) lawama zote: kalenda imejaa, wachezaji wanaumia, fedha hazifiki chini. Mimi ni mpenzi wa mchezo huu wa miaka mingi, na naona sehemu kubwa ya mashtaka hayo yamepelekwa kwa asiyehusika.

Wengi hudhani ITF ni kwa tenisi kama FIFA ilivyo kwa soka. Sivyo. Mashindano ya kulipwa ya wanaume yako chini ya chama cha wachezaji wa kiume (ATP), ya wanawake chini ya chama chao (WTA), na yale makubwa manne, kuanzia Australia hadi US Open, kila moja lina wenyewe. Kalenda inayowachosha nyota hupangwa zaidi na hao. ITF hupata wiki chache tu za mashindano ya timu za taifa, Kombe la Davis la wanaume na Kombe la Billie Jean King la wanawake, pamoja na Olimpiki kila baada ya miaka 4.

Hata hivyo, shirikisho hili lililozaliwa Paris mwaka 1913 lina jambo moja ambalo halina mshindani: ndilo lenye sheria za mchezo. Mwaka 1977 ilizuka raketi iliyofungwa nyuzi kwa mtindo wa ajabu, ikaitwa raketi ya spageti, na mpira ukawa unazunguka na kuruka vibaya mno. Guillermo Vilas, nyota wa Argentina aliyekuwa hajafungwa kwenye uwanja wa udongo kwa mechi zaidi ya 40 mfululizo, alikutana nayo mikononi mwa Mromania Ilie Năstase kwenye fainali, akapoteza seti mbili na kuondoka uwanjani kwa hasira. Kumbe hadi siku hiyo sheria hazikusema kabisa raketi ni kitu gani! ITF ikaipiga marufuku, na mwaka uliofuata maelezo ya raketi yakaandikwa. Tangu 2012, ni sheria hizohizo zinazotaka mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini yatumie mipira ya mwendo wa polepole badala ya ule wa kawaida wa njano. Aliyewahi kumfundisha mtoto mdogo anajua maana yake.

Pa kuwalaumu ITF papo, tena pakubwa. Mwaka 2018 walilivunja Kombe la Davis la zamani, lile la mechi za kushinda seti 3 kati ya 5 na mashabiki wa nyumbani wakipiga kelele, wakakusanya fainali mahali pamoja kwa wiki moja. Nyuma ya mpango huo ilikuwepo kampuni ya Kosmos ya mwanasoka Gerard Piqué, na ahadi ya dola bilioni 3 kwa miaka 25. Mkataba ulikufa Januari 2023. Utamaduni uliojengwa tangu 1900 uliuzwa kwa ahadi ambayo haikumaliza hata miaka 5.

Na chini ya ngazi, ambako kweli ITF ndiyo mwenyeji, mwaka 2019 wachezaji wa mashindano ya dola 15,000 walinyimwa pointi za orodha ya ubora ya ATP. Zilirudishwa kabla ya mwaka kwisha, baada ya wachezaji kulalamika sana. Dola 15,000, kwa taarifa ya wasomaji, si za bingwa peke yake. Ni za washiriki wote, na nauli na hoteli kila mmoja hujilipia.

Ila nilishangaa mwandishi wenu hakugusa kura. Mabadiliko ya Kombe la Davis yalipitishwa na wanachama wa ITF, yaani vyama vya tenisi vya mataifa, kwenye mkutano wa Orlando, Marekani, na wanachama hao hawalingani: mataifa makubwa ya tenisi yana kura 12 kila moja, mengine yana kura chache zaidi, hadi kura 1 tu, na wanachama kadhaa hawana hata hiyo. Makala ijayo ianzie hapo.

Msomaji wenu wa siku nyingi