Barua kwa mwanangu: hebu sema "palianytsia"

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini mwenzako wa chumbani, mtu wa Kharkiv huko Ukraine, huongea na bibi yake kwa Kirusi kwenye simu, lakini wewe ukimsalimia kwa Kirusi hicho hicho ananuna. Usimwone kigeugeu. Kharkiv, Odesa na Kryvyi Rih ni miji ambako wengi wamekulia Kirusi, Rais Zelensky akiwemo. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, wengi wao wameamua kuhama lugha, ila kumhamisha bibi ni kazi nyingine. Hata sheria ya 2019, ambayo tangu 16 Januari 2021 inamtaka muuzaji dukani aanze kwa Kiukreni, haigusi maongezi ya nyumbani.

Basi jifunze Kiukreni kidogo. Anza na palianytsia, mkate wa ngano wa mviringo, neno lililovuma 2022 kwa kumpima mtu anayeshukiwa kuwa askari wa Urusi. Ligawe: pa-lia-ny-tsia. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Mrusi hukwama pawili: humeza vokali zisizo na mkazo, "lia" ikawa kama "li", na "ts" yake ni ngumu siku zote, hivyo mwisho humtoka "tsa". Mdomo wa Kiswahili haumezi vokali, una bahati. Maziwa ni moloko, yasome yalivyoandikwa. Ukisema "malako" umeshafika Moscow.

Herufi ndizo zitakutega. Г ni h, tena ya kifuani, wala si g. G yenyewe ni Ґ, yenye kipembe juu; Wasovieti waliifuta 1933, ikarudi 1990. Ї, yaani "yi", haimo katika Kirusi kabisa. Ndiyo maana katika miji iliyotekwa watu huichora ukutani ikiwa peke yake, na kila mpita njia anaelewa.

Ukimwita mtu, badilisha mwisho wa jina: Olena anaitwa Oleno, Taras anaitwa Tarase.

Mwenzako naye atachanganya Kiukreni na Kirusi. Mchanganyiko huo wanauita surzhyk, jina la zamani la unga wa nafaka mchanganyiko. Usimcheke, wala usipimie uzalendo hapo. Wako askari wa Ukraine wanaoongea Kirusi humo humo handakini. Akikwama neno, msubiri alitafute. Usimsaidie kwa Kirusi.

Mama