Kimo cha mmea uliokomaa kiandikwe kwenye kiriba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wauzaji wa miche pamoja na wanunuzi wao kuhusu uchaguzi wa mimea ya bustani ndogo, yaani zile zinazotengenezwa kwa mfano wa mandhari ndogo ndani ya vyungu vipana, mabeseni ya saruji na masanduku ya barazani. Bustani hizi zimependwa mijini kwa sababu wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga, au katika viwanja ambavyo nyumba imemaliza eneo lote, na anayetamani kijani hana budi kukitafuta katika nafasi isiyozidi mita moja. Nayaunga mkono mapenzi hayo kwa moyo wote. Kinachonihuzunisha ni kuona nyingi ya bustani hizo zikiharibika mapema, ilhali wenyewe wanamwagilia na kupalilia kama inavyotakiwa, kwa kuwa mimea iliyomo haikufaa tangu siku iliponunuliwa.

Tatizo huanzia kitaluni, pale mche mchanga unapouzwa na kununuliwa kana kwamba ni mmea mfupi. Katika vitalu vya kando ya barabara utaona msonobari wa Norfolk wenye urefu wa mkono, matawi yamejipanga ngazi kwa ngazi, na mnunuzi huamini kwamba amepata mti mdogo wa kuweka katikati ya mandhari yake. Mti huo asili yake ni Kisiwa cha Norfolk katika Bahari ya Pasifiki, na ukikomaa hupita mita 50. Jirani yake kuna fikasi yenye majani madogo yanayong'aa, ambayo ikiachwa ardhini hufikia mita 30, na mizizi yake huinua sakafu na kubana mabomba. Hata mche wa mvinje nimeuona ukisifiwa kuwa unafaa bustani ya chunguni, na hakuna mkazi wa pwani asiyejua mvinje hurefuka kiasi gani.

Najua wapo watakaosema kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba mti wowote ukipogolewa mapema utabaki mdogo. Mafundi wa bonsai, yaani miti mikubwa inayodumazwa chunguni, wa Japani na China wamethibitisha kwamba jambo hilo linawezekana, lakini kazi yao ni ya kukata mizizi, kufunga matawi kwa waya na kubadilisha udongo mwaka hadi mwaka, na pengine mti mmoja hulelewa na vizazi viwili au vitatu. Aliyetaka bustani ya barazani hakukusudia kazi hiyo, na muuzaji hakumweleza kwamba ndiyo aliyoinunua. Isitoshe, kupogoa hupunguza matawi na kwa kiasi fulani hupunguza majani, lakini hakupunguzi ua wala tunda. Mlimau uliozuiwa chunguni huzaa malimau ya ukubwa ule ule wa shambani, na mandhari yote ikapoteza uwiano.

Mmea mfupi wa kweli huwa umezaliwa na ufupi wake. Mara nyingi hutokea kwa bahati: mche mmoja kati ya maelfu huota ukiwa tofauti na wenzake, au tawi moja la mti mrefu hubadilika na kusongamana, kisha mtu mwenye jicho akalitambua na kulizidisha kwa vipandikizi. Mwaka 1904 wataalamu wawili wa Arnold Arboretum, bustani ya utafiti wa miti ya Marekani, J. G. Jack na Alfred Rehder, waliokota miche ya namna hiyo huko Alberta, Kanada, na mti mfupi wenye umbo la koni uliotokana nayo sasa umeenea katika bustani za nchi za baridi. Mwaka 1939, mjini New Orleans, ilipatikana aina fupi ya sansevieria, ule mmea wa majani magumu yanayosimama wima. Aina ya kawaida hufika mita moja, lakini hii majani yake hujikusanya kwa kimo cha sentimita 15 hadi 20 tu, nayo hustahimili joto letu bila manung'uniko.

Kutokana na asili hiyo, mnunuzi anapaswa kuuliza kama mche umetokana na mbegu au na kipandikizi. Mbegu ya mmea mfupi haina ahadi ya kuzaa mmea mfupi, kipandikizi kinayo. Tena, hata mmea mfupi wa kweli huweza kutoa chipukizi linalorudi kwenye urefu wa asili, na chipukizi hilo lisipokatwa mapema hadi kwenye shina litaushinda mmea mzima kwa nguvu.

Kuna kipimo kinachotumiwa na chama cha wapenzi wa misonobari cha Marekani ambacho nakiona cha maana. Mti unaorefuka kwa chini ya sentimita 2.5 kwa mwaka huhesabiwa kuwa mdogo kabisa, na unaorefuka kati ya sentimita 2.5 na 15 huhesabiwa kuwa mfupi. Ubora wa kipimo hicho ni kwamba kinatazama mwendo wa mmea, wala hakidanganywi na urefu wake wa siku ya kununuliwa. Hata hivyo, tarakimu hizo zimetoka nchi ambazo mimea husimama kukua kwa miezi kadhaa ya baridi. Hapa kwetu Tanga hakuna msimu wa namna hiyo. Mmea unaopata maji hukua masika, hukua vuli, na hukua katikati. Mti wa Alberta nao, kwa upande wake, unahitaji baridi ili uwe na afya, hivyo orodha za mimea zinazosomwa mtandaoni kutoka Ulaya na Marekani haziwezi kumsaidia sana mtu wa pwani, hata ziwe zimeandikwa kwa uangalifu namna gani.

Afadhali tuanze na mimea inayolijua jua letu. Mimi ningetanguliza waridi la jangwani, ambalo huota lenyewe katika nchi kavu za Afrika Mashariki na kuvuka hadi Arabuni. Shina lake hunenepa chini na kuonekana kama la mti mkongwe hata likiwa na kimo cha sentimita 30, na sifa hiyo ndiyo hasa inayotafutwa katika bustani ndogo. Mnunuzi achague mche uliooteshwa kwa mbegu, kwa sababu wa kipandikizi kwa kawaida haufanyi unene mzuri wa chini. Hapa kanuni niliyoitaja hapo juu inageuka, na muuzaji mwaminifu ataieleza. Utomvu wake una sumu, na katika sehemu kadhaa za Afrika ulipakwa kwenye mishale, kwa hiyo penye watoto chungu kiwekwe juu na mikono ioshwe baada ya kupogoa. Waridi hili huweza kuandamana na aina fupi za taji la miiba, mmea wa Madagaska ambao utomvu wake pia huwasha, na spekboom ya Afrika Kusini, chakula kipendwacho na tembo. Spekboom si fupi kwa asili, kwani porini hupita mita mbili, lakini nairuhusu kwa sababu majani yake ni madogo sana na huvumilia mkasi kuliko mmea wowote niujuao.

Mimea hiyo mitatu ni ya ukame, na isichanganywe katika chungu kimoja na mimea ya unyevu, kwa maana maji yanayomfaa mmoja humuozesha mwenzake. Anayetaka bustani ya unyevu kidogo atafute kufea ya Meksiko, kichaka chenye majani membamba na vimaua vya zambarau ambacho kwa kawaida hakizidi sentimita 60, au iksora ya aina fupi yenye majani madogo.

Mimea ya kutandaa hupuuzwa, ilhali ndiyo inayofanya jicho liamini kwamba linatazama uwanda. Ukoka wa kawaida haufai, kwa kuwa majani yake ni makubwa na vikonyo vyake huvamia kila kitu. Kwenye unyevu, bakopa, inayoota yenyewe katika maeneo ya majimaji, hutandaza majani manene na vimaua vyeupe. Kwenye kivuli kuna pilea ya majani madogo, ambayo wauza miche wengi huing'oa vyunguni mwao kama gugu na kuitupa. Anayeijua huiomba bure, na ikishika hufanana na msitu unaotazamwa kutoka mlimani. Lantana ya kutambaa nashauri iachwe kabisa, hata kama maua yake yanavutia, kwa sababu jamii yake imekwisha kuvamia malisho na misitu yetu vya kutosha.

Siwezi kuandika kutoka Tanga nisitaje mmea uliotoka milimani kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alipata katika Usambara ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe yenye kivuli na kuvumwani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, na leo linauzwa katika maduka ya maua duniani kote. Kwa bustani ya kivulini halina mpinzani, na jani moja lililochomekwa kwenye mchanga wenye unyevu hutoa mche mpya. Nchi lilikozaliwa, ndugu zake wengi wa porini wamo hatarini kwa sababu ya kufyekwa kwa misitu, na kwa hiyo hakuna udhuru wa kuling'oa mwituni. Vivyo hivyo kwa Pemphis acidula, kichaka kigumu cha juu ya matumbawe ya pwani, ambacho wapenzi wa bonsai wa Asia wamekitafuta mpaka kikaadimika katika baadhi ya fukwe zao. Vichaka vya fukwe zetu viachwe mahali pake.

Ombi langu kwa wenye vitalu ni dogo na halina gharama kubwa. Kila kiriba kiwe na kibandiko chenye maneno machache: jina la mmea, kimo chake ukikomaa, umetokana na mbegu au kipandikizi, na unataka jua au kivuli. Waandaaji wa maonyesho ya Nanenane wanaweza kuanza kwa kulifanya hili kuwa sharti kwa kila anayeuza miche ya mapambo viwanjani mwao, na maofisa ugani wakakagua vibandiko hivyo kabla ya milango kufunguliwa.

Msomaji wako,
Mtunza bustani,
Tanga