Barafu ya kutengenezwa haiongezi maji

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nichangie kuhusu barafuto za kutengenezwa, yaani marundo ya barafu yanayojengwa na watu kuiga barafu kubwa ya milimani. Picha za vile vichuguu vyeupe vya barafu, vimesimama katikati ya jangwa la mawe huko Ladakh, kaskazini mwa India, husambaa sana mitandaoni, na wengi wanaozisambaza husema binadamu ameanza kuirudisha barafu inayotoweka milimani. Hajaanza. Kinachofanyika kule ni kitu kingine, tena chenye akili, na kukisifia kisichokuwa ni kukikosea heshima.

Shida ya mkulima wa Ladakh ni tarehe. Mji wa Leh uko kwenye mwinuko wa takriban mita 3,500, na mvua na theluji ya mwaka mzima ukiijumlisha haizidi sana milimita 100. Shayiri na ngano hutegemea maji yanayoyeyuka kutoka juu. Msimu wa joto ni mfupi, kwa hiyo shamba linataka maji Aprili na Mei. Ukichelewa kupanda, baridi inaikuta nafaka bado mbichi. Lakini barafuto za asili ziko juu mno na hazianzi kuyeyuka kwa wingi hadi Juni. Na majira yote ya baridi, wakati hakuna anayelima, vijito vinaendelea kutiririka kidogo kidogo na maji yanakwenda zake.

Aliyelishika hilo mapema ni Chewang Norphel, mhandisi aliyekuwa mtumishi wa serikali, ambaye India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2015. Maji yanayokwenda kasi hayagandi kirahisi; yakitulia kwa kina kifupi kivulini, yanaganda. Basi akayachepusha kutoka kwenye kijito, akayapeleka upande wa bonde usiopata jua, akajenga kuta fupi za mawe ngazi kwa ngazi ili yapunguze mwendo na kuganda tabaka juu ya tabaka. Kwa kuwa barafu hiyo iko chini, karibu na kijiji, huyeyuka mapema kuliko ile ya kileleni. Hakuna mtambo wowote hapo.

Mhandisi mwenzake, Sonam Wangchuk, akaja na umbo jingine mwaka 2013. Barafu iliyolala bapa huliwa na jua upesi, hivyo yeye aliisimamisha kama pia ya kuchezea iliyogeuzwa juu chini, umbo linaloanika sehemu ndogo tu ya barafu kwa jua. Bomba linafukiwa ardhini kutoka sehemu ya juu ya kijito. Maji yakifika chini yana msukumo wa kutosha kupanda bomba la wima bila pampu, yakatoka nchani kwa matone madogo kwenye hewa ya usiku, ambayo huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Matone yanaangukia kiunzi cha matawi na kuganda. Barafu ikipanda, bomba nalo linaongezwa kipande. Watu wa kule huiita stupa, kwa kufanana na majengo ya ibada ya Kibudha.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo sifa huzidi kipimo. Ile stupa ya kwanza ya majaribio ilihifadhi takriban lita 150,000 na kudumu hadi Mei. Kumwagilia hekta moja kwa kina cha sentimita 5 kunataka lita 500,000. Yaani stupa nzima haitoshi theluthi ya hekta, kwa mwagilio mmoja. Zilizofuata zilikuwa kubwa zaidi, na mwagilio huo mmoja wa Aprili unaweza kuamua kama kuna mavuno au hakuna, kwa hiyo sibezi. Nasema tu kwamba hili ni ghala: linatunza maji ya Januari yatumike Mei, na haliongezi hata tone.

Kisha kuna jambo ambalo picha hazionyeshi. Maji yakisimama ndani ya bomba katika baridi ile, yanaganda na bomba linapasuka. Lazima mtu apande mlimani usiku kulizibua. Nani? Vijana wengi wameshahamia mjini. Mfadhili hulipia mabomba, hupiga picha ya uzinduzi na kuondoka. Zamu ya usiku hakuna anayeilipia, na bila zamu hiyo hakuna barafu.

Wala maji ya baridi hayakosi mwenyewe. Wanaoishi chini ya bonde wanayahesabu pia, na Ladakh kwenyewe mvutano umeshatokea kati ya wa juu na wa chini. Mkataba wa kugawana unapaswa kuandikwa kabla bomba la kwanza halijafukiwa, si baada ya ugomvi.

Wanaotaka mbinu hii isambazwe kila penye mlima nao wapunguze kasi. Inahitaji miezi mfululizo ya baridi kali, hewa kavu, na kijito kisichokauka wakati huo. Uswisi, Chile na Kirgizia wameweza kuijaribu kwa sababu wana majira hayo. Milima ya karibu na ikweta hupata baridi ya usiku tu. Mchana jua linarudi na kuyeyusha kilichoganda. Huko fedha hizo ziende kwenye kulinda misitu ya vyanzo na kuziba mifereji inayovuja.

Ombi langu, Mhariri: mkiandika tena habari hizi, mtuandikie lita zilizoingia kwenye bomba na lita zilizofika shambani. Maji mengi hupita bila kuganda, mengine hupotea hewani, na urefu wa stupa hauwezi kutuambia ni kiasi gani.

Msomaji wenu