Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Watoto Wetu Shuleni na Fedha za Mfuko wa Misiba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma,

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena hapa Columbus, Ohio, tukiwa salama. Shughuli za kawaida mnazijua kwa sababu mlikuwapo, au mliziona kwenye picha. Tulifuturu pamoja mara nne, tukaswali Idi zote mbili katika ukumbi wa kukodi, Maulidi yakasomwa, madrasa ya Jumamosi ina watoto 58, timu ya mpira imepata jezi, na misiba mitatu tumeizika kwa heshima. Maalim wetu na akina mama wa jikoni Mungu awalipe. Hayo yametosha.

Nizungumzie jambo ambalo tangu Oktoba limezunguka kwenye kundi letu la WhatsApp, kwamba mwenyekiti amekula pesa za maiti, yaani za mfuko wetu wa misiba. Neno hilo limenichoma, na limewachoma watoto wangu walioliona. Leo nalijibu mbele ya wote.

Kijana wetu mmoja wa miaka 15, anayesoma darasa la tisa katika shule moja ya hapa mjini, alipigana kwenye ukumbi wa chakula. Dada yake alikuwa amevutwa mtandio mpaka ukamtoka kichwani, mbele ya meza nzima ya wanafunzi wanaocheka. Simtetei kwa kurusha ngumi, na mwenyewe nimemkanya. Alisimamishwa masomo siku 10, na shule ikapendekeza afukuzwe. Katika jimbo hili la Ohio kufukuzwa kunaweza kufika siku 80 za masomo. Mtoto aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, miaka yote ile, akafika hapa akawekwa darasa kwa kuangaliwa umri badala ya alichosoma, mkimtoa shuleni siku 80 mnategemea arudi?

Barua ilikwenda nyumbani kwa Kiingereza. Mama yake hufanya zamu ya usiku ghalani na kurudi alfajiri. Barua akaibandika kwenye friji akisubiri wa kumsomea. Alipoitwa shuleni mara ya kwanza hakukuwa na mkalimani, kwa hiyo aliyemtafsiria ni huyo huyo kijana mshtakiwa. Akamwambia, "Wanasema nimepigana, mama, basi." Neno la kufukuzwa hakulitafsiri. Ama hakulijua kwa Kiswahili, ama aliona haya, na mama akatia saini karatasi asiyoijua.

Mimi nililetewa habari Jumanne usiku, na shauri lilikuwa lisikilizwe Ijumaa asubuhi. Kamati yetu ina watu saba na akidi ni wanne. Niliwapigia simu wote sita, wakapokea watatu, nao watatu wakakubali. Mimi nikawa wa nne. Mweka hazina alitia saini pamoja nami, tukatoa dola 1,850 kutoka mfuko wa misiba: 1,500 za wakili na 350 za mkalimani. Mfuko ulikuwa na 6,300, ukabaki na 4,450. Risiti zote katibu anazo, na yeyote anaweza kuziona baada ya mkutano.

Mnasema simu si kikao. Katiba yetu haikuandika popote kwamba wajumbe lazima wakae chumba kimoja. Mnasema fedha zile ni za maziko. Kifungu cha 9 kinataja maziko, mgonjwa mahututi "na dharura nyingine". Kama hii si dharura, basi neno lile liliandikwa kwa ajili ya nini? Nilikuwapo tulipoliandika.

Wakili alinifumbua macho kwa jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote niliyoishi hapa. Mwaka 1971 wanafunzi wa shule za umma za mji huu huu wa Columbus walisimamishwa masomo bila kusikilizwa. Kesi yao, Goss dhidi ya Lopez, ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1975, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaamuliwa kwamba mwanafunzi hawezi kusimamishwa bila kuelezwa kosa lake na kupewa nafasi ya kusema upande wake. Nchi nzima inafuata haki iliyopiganiwa hapa tunapoishi, na sisi tulikuwa hatuijui. Tena shule inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kumweleza mzazi mambo kwa lugha anayoielewa. Mkalimani ni haki yenu. Msikubali mtoto awatafsirie kesi yake.

Ijumaa ile mama alisikia kila neno kwa Kiswahili, na yeye mwenyewe akasimulia habari ya mtandio. Kijana hakufukuzwa. Alimaliza siku zake 10 na sasa yuko darasani. Waliomvuta dada yake walifanywa nini hatukuelezwa, na hilo bado linaniuma.

Novemba tukapata msiba uliogharimu dola 5,200, tukapungukiwa na 750. Zilichangwa usiku ule ule, mimi nikatoa 300, na maiti akazikwa kesho yake kabla ya Alasiri. Hakuna maiti aliyengoja kwa sababu yangu. Kati ya zile 1,850, dola 900 zimekwisharudishwa kwenye mfuko, zimebaki 950.

Lipo pia lalamiko la hijabu 12 za michezo tulizonunua kwa dola 264, kwamba tunawafundisha mabinti kukimbia uwanjani. Mwaka 2019 Noor Abukaram, mwanafunzi wa sekondari kaskazini magharibi mwa Ohio, alimaliza mbio za nyika kisha akaambiwa matokeo yake hayahesabiwi kwa sababu alivaa hijabu bila kibali. Hakunyamaza, na mwaka 2022 Gavana Mike DeWine alitia saini sheria inayowalinda wanamichezo wanaovaa mavazi ya dini. Mimi ni dereva wa basi la shule, mwaka wa 11 sasa. Nawaona mabinti wanaopanda na hijabu, na kabla hatujafika shuleni imeshaingia mkobani. Sijamtaja hata mmoja kwa mzazi wake na sitamtaja. Wamechoka kuulizwa maswali kila siku. Binti anayevaa ya kwake na kukimbia mbele ya watu wote anahitaji tumpigie makofi.

Sasa mahudhurio. Februari niliwaleta hapa maofisa wa shule, pamoja na mkalimani wao, tuzungumze chumba cha kuswalia Adhuhuri, wanaofunga wakati wa mazoezi, na pitsa yenye nyama ya nguruwe. Tuna kaya 71 zilizoandikishwa. Walikuja wazazi tisa, watatu kati yao wa nyumba moja. Nilibaki kuwaombea radhi wageni mbele ya viti vitupu. Hata hivyo shule mbili zilitoa chumba, na katika moja vijana wenyewe wamefungua chama cha wanafunzi Waislamu, jambo ambalo sheria ya mwaka 1984 inawaruhusu pale ambapo vyama vingine vya wanafunzi vinaruhusiwa. Vijana wameniheshimu kuliko baba zao.

Ada ni dola 15 kwa mwezi kwa kila kaya, yaani 12,780 kwa mwaka. Zimepatikana 5,940. Deni ni 6,840. Wengine waliopiga kelele kubwa kuhusu mfuko wa misiba hawajalipa tangu Machi. Majina sitayasoma.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, inshallah, kupata orodha ya wakalimani wa kujitolea, kuwa na mfuko mdogo wa mambo ya shule ili ule wa misiba usiguswe, na kuongea na shule nyingine kabla Ramadhani haijaingia Februari. Tukijaliwa, pia masomo ya ziada ya hesabu na Kiingereza.

Hoja ya kutokuwa na imani nami itasomwa na katibu baada ya taarifa hii. Nitatoka nje mpige kura kwa uhuru. Mama wa kijana alitaka kuja kusema, nikamwomba asije. Ametoka zamu, amelala.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti