Kabla Hujamwambia Fundi Apige Dairekti

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja wa Uyole, mwenye karakana ya useremala, aliingia dukani na RCD mkononi, ile swichi inayojizima yenyewe umeme ukivuja. Wengine mnaiita ELCB. Aliing'oa kwenye bodi yake, akaiweka juu ya meza yetu na kusema, "Kaka, chukueni kifaa chenu, nirudishieni hela yangu. Tangu mmenifungia kitu hiki sifanyi kazi. Kinajizima asubuhi, kinajizima mchana, vijana wamekaa tu." Maneno kwamba tumempiga hela yalishatufikia kutoka Mwanjelwa kabla yeye hajafika. Yalituuma, kwa sababu kazi ile tuliifanya kwa moyo.

Hayuko peke yake. Kila mvua zikishika, simu za namna hii zinaongezeka: "Swichi yenu mbovu." Tumeona tueleze mara moja kwa wote.

Kifaa kile kinapima umeme unaotoka kwenye laini na unaorudi kwenye nyutro. Ukirudi uleule, kinatulia. Ukipungua, kuna umeme unaopita pasipostahili: kwenye chuma cha mashine, kwenye ukuta uliolowa, au kwenye mwili wa mtu. Tunayofunga kwa ajili ya soketi za karakana ni ya miliampea 30. Chukua wati 7, gawanya kwa volti 230, utapata karibu kiasi hicho. Ni umeme wa taa ndogo ya chooni. Ukizidi hapo kidogo na kupita kifuani kwa sekunde chache, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na mtu akafa pale pale.

Hapo ndipo wateja wanatuuliza, "Si kuna breka?" Breka ya ampea 32 ni miliampea 32,000. Kijana anaweza kuganda kwenye mashine na breka isitikisike, maana hesabu yake bado haijafika. Breka imewekwa kulinda waya usiungue. Wa kumlinda kijana ni RCD, huyo anayejizima.

Basi tukaenda naye Uyole. Tulikuta ameshampa mtu elfu 10 apige dairekti, yaani aunganishe waya moja kwa moja bila kupitia RCD, na mashine zote zinanguruma. Tukazima, tukapima saketi moja moja kwa mega, kipimo kinachoonyesha kama ganda la waya bado linazuia umeme kuvuja. Kipimo cha kuridhisha ni megaohm 1 kwenda juu. Ya randa ilisoma 0.01. Tukafuata waya wake: umelala sakafuni chini ya maranda, umekanyagwa na kuburuziwa mbao mpaka ganda limechubuka, kisha ukazungushiwa solotepu ya kufungia zawadi. Maranda yakipata unyevu, umeme unavuja. Yakikauka kidogo, unapungua. Ndiyo maana RCD ilikuwa inajizima siku hii na kutulia siku ile, na yeye akaamini kifaa kina wazimu.

Kwa elfu 10 alikuwa amenunua ukimya. Umeme ulikuwa unavuja vilevile, na hakuna tena wa kumwambia.

Niseme la Makambako, kwa sababu sijalisahau. Tuliitwa kwenye karakana ya kuchomelea baada ya kijana kunaswa na grenda. Kelele za mashine zilikuwa nyingi, wenzake wakadhani anacheza. Aliyemwokoa ni mwenye karakana, alikimbilia meni swichi badala ya kumshika. Angemshika wangekuwa wawili. Kijana alipona, kiganja kimeungua. Tulipokagua, RCD ilikuwa imerukwa kwa waya mfupi, na ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ilikuwa kipande cha nondo kilichopigwa kwenye udongo mkavu wa Oktoba. Nilikivuta kikatoka kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo mkiona tumeandika kwenye bei rodi ya shaba ya mita 1.2, msituambie nondo ipo nyuma ya nyumba. Nondo inakula kutu na muunganiko unakufa bila mtu kujua. Na tukipima ethi tukakuta haitoshi, tunaongeza rodi ya pili mbali kidogo na ya kwanza. Udongo wa kiangazi haupitishi umeme kama wa masika, nasi tunataka ethi ifanye kazi miezi yote 12.

Kuna pia wanaobadilisha breka. Soketi zina waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 20 inakatika, mtu anaweka ya 40. Kuanzia siku hiyo kitakachotangulia kuungua ni waya wenyewe, juu ya dari ya mbao. Kwa wenzetu wa Mafinga wenye vumbi la mbao kila kona, jambo hili linatunyima usingizi.

Halafu bei ya siku. "Kubadilisha soketi moja mnazima kiwanda kizima na mnatoza siku?" Ndiyo, tunazima. Kuna mashine ya kukoboa mpunga kule Igurusi, ilikuwa msimu wa mavuno, foleni ya magunia mpaka nje. Fundi wetu akiwa ameingiza mikono kwenye maungio ya mota, mtu akawasha isoleta, ile swichi kubwa ya kukatia mashine umeme, kwa haraka ya kazi. Mungu alisaidia, mkono ulikuwa umetoka sekunde ile kuchukua spana. Tangu hapo tunafunga isoleta kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa yule anayeshika waya, si kwa tajiri wala kwa msimamizi. Tesita tunaijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, tunapima tunapofanyia kazi, kisha tunairudisha kuijaribu tena, maana tesita iliyokufa inasema hakuna umeme popote. Yote hayo yanakula muda, na muda huo umo kwenye bei. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri amlinde anayemfanyia kazi, nasi leseni yetu ya ufundi umeme kutoka EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hatuwezi kuiweka rehani kwa ajili ya saa moja.

Turudi Uyole. Tulibadilisha waya wa randa na kuupitisha juu, unashuka kwenye mashine bila kugusa sakafu. Tulifunga pia RCD ya pili, ili mashine ikivuja taa zisizimike, kwa sababu giza huku msumeno unazunguka nalo ni hatari. Ya pili ilikuwepo kwenye bei yetu ya kwanza, yeye akaomba tuitoe kupunguza gharama. Tulikubali bila kumweleza vya kutosha atakachokosa. Kwa hilo tulimwomba radhi, na ufundi wa siku ile hatukumtoza.

Kila mwezi bonyeza kitufe cha T kwenye RCD yako. Isipojizima, tuite haraka. Ikijizima yenyewe wakati wa kazi, chomoa plagi zote, iwashe, kisha chomeka mashine moja baada ya nyingine. Itakayoizima iache imechomolewa, mtu asiiguse, na utwambie kwenye simu ni ipi. Inatuokolea saa nzima ya kutafuta, na saa hiyo hatutakutoza.