Mama anasema safari hii tufunge vizuri

Shangazi shikamoo,

Naandika saa tisa usiku, sijalala na sidhani kama nitalala, maana kukikucha mama atataka jibu langu na mimi jibu sina. Nisamehe maneno yakikosa mpangilio. Nimeandika nikafuta mara tatu.

Mama yangu ana sukari ya miaka mingi, anachoma insulini asubuhi na jioni, miguu imeanza kufa ganzi na jicho moja halioni vizuri. Nakaa naye kwangu, huu mwaka wa pili sasa. Jana jioni nilikuwa namkanda miguu akaniambia mwanangu tufunge siku tatu, mimi na wewe, kavu, bila chakula bila maji na bila hizo sindano, Mungu ataniponya. Nikamwambia mama, daktari alishasema usikae na njaa, na sindano usiruke. Akanyamaza. Halafu akanishika mkono, akasema kwa upole kabisa, "Safari hii tufunge vizuri."

Safari hii. Nilinawa mikono nikaenda kusimama bafuni na taa nimezima, sijui nilikaa humo muda gani.

Wewe unawajua watu wa kulelewa kanisani kwa hiyo sitaeleza sana. Nimezaliwa wazazi wameshaokoka. Mikesha, kwaya ya watoto, kukariri mistari, watoto kumi na wawili wa Yakobo niliwajua kwa mpangilio kabla sijaijua jedwali la saba. Na nilipenda, naomba hilo lieleweke, sikulazimishwa, nililala kwenye mabenchi ya kanisa watu wazima wakiimba usiku na mpaka leo sijapata usingizi mtamu kama ule.

Nilikuwa na miaka 11, mdogo wangu 6. Alianza na homa, akatapika, halafu shingo ikakaza akawa hawezi kuinamisha kichwa, tukifungua pazia analia kwamba mwanga unamuumiza. Leo nikisoma dalili za homa ya uti wa mgongo naona kama namsoma yeye, ila hakupimwa kwa hiyo siwezi kusema ndiyo yenyewe. Wazee wa kanisa walikuja nyumbani wakasema nyumba nzima ifunge siku tatu, na watoto pia. Mzee mmoja alisoma Mathayo 17, ile habari ya baba aliyeleta mtoto mwenye kifafa na wanafunzi wakashindwa kumponya, akakazia mstari wa 21, kwamba namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga. Siku ya pili baba alitaka kumpeleka hospitali, nilimsikia mwenyewe. Akaambiwa mkienda sasa mtakuwa mmekata imani katikati. Baba akakaa chini.

Jioni ya siku hiyo ya pili nilikula mkate. Kilikuwa kipande cha mwisho, kile cha pembeni kigumu. Nilisimama nyuma ya mlango, nikaziba mdomo kwa mkono ili kutafuna kusisikike, nikala chote na makombo nikayaokota kwa kidole kilicholowa mate. Nilikuwa na njaa, Shangazi. Nilikuwa mtoto.

Mdogo wangu alikufa siku ya tatu kabla hakujakucha.

Yule mzee akasimama katikati ya chumba akasema Mungu hajashindwa, ila kuna mtu humu ndani amefungua kabla ya wakati. Kukawa kimya. Mama akageuka akaniangalia mimi. Hakuwa na hasira wala hakunikazia macho, aliniangalia kama mtu anavyoangalia saa ukutani, akishajua ni saa ngapi anaendelea na shughuli zake. Basi. Hakuniuliza siku ile, hakuniuliza baadaye, na hajawahi kuniuliza kwa miaka 26. Amenisomesha, amenipenda, ameniombea mpaka mume nikapata. Lakini aliniangalia.

Sasa wengi wakisikia mtu ametoka kwenye imani wanadhani kuna mwanaume, au pombe, au marafiki wabaya, au amesoma sana. Mimi hakuna hata kimoja. Baada ya kifo kile nilikuwa wa kwanza kanisani na wa mwisho kutoka. Nimefunga siku saba, siku kumi na nne, mara moja ishirini na moja mpaka nikaanguka kazini. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nalipa nini, walisema tu binti ana moto. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka 9. Kwa hiyo asije mtu kuniambia sikuwahi kumjua Mungu, hilo neno nalikataa.

Shida ilianzia hukohuko darasani. Nilikuwa nafundisha 2 Samweli 12, Daudi anafunga na kulala chini akimlilia Mungu kwa ajili ya mtoto mchanga, na siku ya saba mtoto anakufa. Nilishalifundisha hilo somo huko nyuma bila tatizo. Kuna mtoto mmoja, wa kike, ana miaka kama 8, akanyoosha kidole akauliza, mwalimu, Daudi alifunga mpaka mwisho? Nikasema ndiyo. Akauliza, na mtoto alikosa nini? Kwenye maandiko jibu lipo, limeandikwa pale pale kwamba ni kosa la baba yake. Nikafungua mdomo nilisome, sauti haikutoka. Nikawaambia tuimbe.

Kuanzia siku hiyo nikawa nasoma kwa macho mengine, natafuta tu kuhusu watoto. Watoto kumi wa Ayubu wanakufa sura ya 1, sura ya 42 anapewa wengine kumi na sisi tunashangilia kwamba amerudishiwa, kana kwamba mtoto ni ng'ombe. Na kweli mama aliambiwa hivyohivyo, Mungu atakupa mwingine. Hakupata mwingine. Halafu nakuta Yohana 9, wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi mpaka huyu akazaliwa kipofu, Yesu anajibu si yeye wala wazazi wake, nikalia sana, nikasema mbona hili hakuna aliyenisomea nikiwa na miaka 11? Kwa hiyo hata kwenye Biblia hiyohiyo moja wanajibu tofauti, na mimi maisha yangu yote nimepewa jibu moja tu, lile baya.

Sasa ngoja nikwambie kilichonimaliza. Mwaka juzi naandaa somo kwenye simu, nikafungua Mathayo 17 kwenye tafsiri nyingine ya kisasa, nasoma mstari wa 20, unaofuata umeandikwa 22. Nikadhani simu ina tatizo. Nikafungua tafsiri nyingine, 20 halafu 22. Chini kuna maelezo madogo kwamba hati za kale nyingine zina mstari wa 21. Nikaanza kusoma kwenye intaneti usiku kucha kama hivi, kumbe hati mbili za zamani sana za Biblia ya Kigiriki, za karne ya 4, moja inaitwa Sinaiticus na sehemu kubwa iko London, nyingine Vaticanus iko Vatikani, zote mbili huo mstari hazikuwa nao. Kwenye ile ya Sinai kuna mtu alikuja kuuongeza baadaye. Wataalamu wengi wanaona ulivutwa kutoka Marko 9:29, na hata huko kwa Marko hizo hati mbili zilikuwa na kuomba tu, neno la kufunga halikuwepo.

Najua wapo wachungaji wanaolijua hili miaka mingi na imani yao ipo palepale. Kuna mmoja nilimuuliza, akanieleza vizuri bila kunikaripia, kwamba kufunga kumetajwa sehemu nyingine nyingi na mstari mmoja haujengi wala kubomoa. Nakubali. Sikuacha kuamini kwa sababu ya mstari mmoja. Lakini ndio mstari uliosomwa kitandani kwa mdogo wangu, ndio uliomfanya baba akakaa chini, na ndio uliofanya mama anigeukie. Nimebeba kifo cha mtoto kwa mstari ambao mtu aliuandika pembeni ya kurasa miaka mingi baada ya Mathayo mwenyewe kufa. Hilo nashindwa kulimeza.

Kwa hiyo siamini tena. Au niseme, nikiomba nasikia sauti yangu tu. Mwaka mzima sasa kila usiku mama ananiambia niombee, nami naomba, maneno yanatoka yenyewe kwa sababu nayajua tangu mtoto, yeye anasema amina analala kwa amani, mimi natoka pale najiona tapeli. Shule ya Jumapili niliacha, nikasema ni kazi nyingi. Wanasema nimepoa. Mume wangu ndiye pekee anajua, anasema wewe omba tu, mdomo haulipiwi. Dada yangu nilimgusia kidogo akasema ukimwambia mama utakuwa umemuua. Unaona? Tena mimi. Na huyu wa pili.

Sijamwambia dada habari ya mkate. Wewe ndiye mtu wa kwanza.

Naomba usinijibu nirudi kwa Mungu, ushauri huo nimeshaupata. Na usiniambie nimsamehe mama kwa sababu sina kinyongo naye, nampenda, namuogesha mwenyewe, namkata kucha, nampima sukari kila siku asubuhi na kuandika kwenye daftari. Jana asubuhi ilikuwa nzuri. Hana kosa, alikuwa anafiwa na mtoto, mtu anayefiwa macho yake yanaweza kwenda popote. Nimejiambia hivyo miaka yote, kwamba labda hata hakuwa ananiangalia mimi, labda alikuwa anaangalia mlango, si nilikuwa nimesimama mlangoni? Nilikuwa nimeshaanza kuamini hivyo kabisa. Mpaka jana aliposema safari hii.

Maana yake alijua. Maana yake kwa miaka 26 anakula chakula ninachopika, anaitwa bibi na watoto wangu, na kichwani anajua au anadhani anajua kwamba mimi ndiye. Au labda alimaanisha kitu kingine? Labda anasema safari hii tufunge vizuri kwa sababu na yeye alikula? Hili limenijia sasa hivi naandika. Sikuwahi kufikiria kwamba pale ndani angeweza kuwa mwingine mwenye njaa.

Sijui nifanye nini. Nikikataa kufunga naye ataona nimemwacha mara ya pili. Nikikubali, bila sindano na bila kula siku tatu kwa hali yake naweza kumzika, na wazee watasimama tena katikati ya chumba. Nimefikiria nimdanganye, nifunge naye halafu nimchome sindano akiwa amelala, ila akiwa hajala sukari itashuka, anaweza asiamke. Nimefikiria nimpigie daktari aje amwambie yeye, lakini mama daktari anamsikiliza tu, akiondoka anarudi kwenye lake. Na nikuambie ukweli ambao utanishangaa, kuna sehemu yangu inataka kufunga. Mimi nisiyeamini. Inataka kufunga siku tatu bila kuonja chochote, nione atapona, au nione hatapona, nijue.

Ile Biblia nyingine ipo hapa kwenye simu. Nimefikiria kumsomea, nimwonyeshe mama, tazama, 20, 22, mstari wenyewe haupo, hakukuwa na sababu ya yule mtoto kukaa na njaa. Lakini nikimwonyesha hivyo si nitakuwa namwambia pia kwamba hakukuwa na sababu ya kumzuia baba asiende hospitali? Ana miaka 71. Nitamwacha na nini?

Kwa hiyo Shangazi nisaidie hili la kufunga, nimjibuje asubuhi. Na kama una nafasi, hilo lingine, je mtu anaweza kumuuliza mama yake kitu kama hicho? Nimuulize mama siku ile ulikuwa unaniangalia mimi? Au niache afe nalo. Yeye ndiye pekee aliyebaki aliyekuwepo chumbani, baba alishatutoka, akienda hakuna tena wa kuuliza.

Namsikia anakohoa, ameamka, saa kumi na moja huwa anaomba. Sindano ya asubuhi ipo kwenye friji na mkate wake nimeshaukata, upo mezani nimeufunika.

Mimi binti yako,
Nisiyelala