Anayesema "mimi" si mwandishi

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimecheka palepale: unaposema umeitupa riwaya kando ukurasa wa 40 kwa sababu "mwandishi ni mwizi na wala haoni haya". Ndugu yangu, umemhukumu asiyehusika!

Anayesema "mimi" mle ndani ni msimulizi, naye amebuniwa kama wahusika wengine. Mwandishi wa riwaya akiandika, "Niliiba ile pete usiku wa mvua," hajakiri kosa lolote. Sentensi hiyohiyo ukiikuta kwenye tawasifu, yaani maisha ya mtu aliyoyaandika mwenyewe, mambo yanabadilika: mwandishi, msimulizi na mhusika mkuu ni mtu mmoja, na una haki ya kumwuliza pete iko wapi. Mimi tofauti ya bunilizi na maandishi ya kweli huiona hapo, kwenye ahadi anayopewa msomaji. Ufundi wa lugha hautenganishi kitu, maana hata tawasifu ina mandhari, taharuki (ile hamu ya kujua kitakachofuata) na tamathali za semi.

Ila tawasifu usiichanganye na wasifu. Shaaban Robert aliandika zote mbili: maisha ya Siti binti Saad aliyaandikia wasifu, na yake mwenyewe akayaandika katika Maisha Yangu.

Umeuliza pia kwa nini kitabu kinaanza na mazishi ya mtu ambaye sura ya pili yu hai, anacheka. Hiyo ni mbinu rejeshi: kuanza na la baadaye, kisha kurudi nyuma kusimulia yaliyotangulia. Matukio yana mfuatano wake wa wakati, lakini msuko ni kazi ya mwandishi: ukindu ni uleule, yeye ndiye anayeamua aanzie wapi kusuka. Amekuonyesha jeneza kwanza ili usihangaike na "atakufa?" bali "nani kamfikisha hapa?" Taharuki imehama tu.

Dhamira na ujumbe sitakaa navyo, shuleni tulivikariri hadi vikatuchosha. Tamaa ni dhamira. Kwamba tamaa humla mwenye nayo ni ujumbe. Basi.

Sasa hebu rudi ukurasa ule wa 40. Msimulizi anajigamba kwamba hakuna anayemshuku, lakini tazama majirani walivyoanza kufunga milango mapema. Yeye haoni, wewe unaona. Hicho ni kinaya, na mwandishi uliyemwita mwizi ndiye aliyekutegea hapo makusudi.

Ukifika sura ya mwisho niandikie upesi, nina ubishi nayo.

Wako,
rafiki yako wa siku zote